Nyumba za Kangemi Zisizougua

Kawangware, Nairobi
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mama yangu mpenzi,

Assalam aleikum. Na kabla hujaanza maswali yako: ninakula, ninaswali, na lile sweta la rangi ya maziwa ulilonifumia ninalivaa mpaka watu wa ofisini wanadhani sina nguo nyingine. Baridi ya huku mwezi huu si ya mchezo. Natumai goti lako limepoa na umeacha kubeba mitungi miwili kwa mara moja. Najua hujaacha.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu wewe ukishika simu unapiga kelele mpaka majirani zangu wanajua bei ya mahindi ya Mumias. Tena habari yenyewe ni ndefu, simu haiitoshi. Barua anakuletea binamu Hamisi, anayekuja huko kwa arusi. Keti, vaa miwani, mtu akutilie chai.

Mwezi uliopita ulinipigia mara tatu ukanijulia hali, na mara zote tatu nikakuambia sijambo, kazi inaendelea. Mama, nilikudanganya. Kazi nilikuwa nimesimamishwa. Nilikuwa nimeitwa mwongo, nimenyang'anywa tableti, na ilibaki kidogo tu jina langu lipelekwe kwa kila ofisi ya utafiti mjini hapa nisiajiriwe tena. Sasa yamekwisha, alhamdulillahi, na yamekwisha vizuri, ndiyo maana nina nguvu za kukueleza. Usianze kulia kabla hujafika mwisho.

Kazi yangu unaijua kwa jina, ila sidhani niliwahi kukueleza vizuri. Ofisi yetu iko Hurlingham, ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa. Tunatumwa nyumba kwa nyumba kuuliza watu mambo ya matibabu: nani aliugua, alikwenda wapi, alilipa nini kutoka mfukoni, ana bima au hana, na kama anayo, ilimfaa au ni kadi ya kupamba pochi tu. Ripoti ikiisha inakwenda kwa wakubwa wanaopanga nani asaidiwe. Wengine walipewa Karen, ambako unazungumza na askari wa lango nusu saa halafu unaambiwa madam amesafiri. Mimi nilipewa Kangemi, nikafurahi, maana Kangemi kila mlango wa pili ni mtu wetu wa magharibi. Ukisema "mulembe" tu, unaletewa kiti.

Na mimi, mama, ni mwanao. Nilisalimu. Wewe si ndiye uliyenifunza kwamba asiyejua kusalimu hana tofauti na mwizi aliyekosea mlango? Nilikuwa naketi, naulizia watoto, naulizia wazee huko nyumbani kwao, naulizia mvua, naambiwa wazima, wazima, wote wazima, Mungu ni mwema. Salamu zikiisha ndipo naiwasha tableti. Na swali la kwanza kabisa kwenye tableti linasema: "Katika wiki nne zilizopita, kuna mtu yeyote katika nyumba hii aliyekuwa mgonjwa?" Naambiwa, "Hapana, tuko wazima." Nabonyeza "hapana". Sasa, ukibonyeza "hapana", tableti inaruka. Inaruka hospitali, inaruka dawa, inaruka gharama na bima, inakupeleka moja kwa moja kwenye mambo ya paa na choo. Namaliza, naaga, natoka na ndizi mbili za kupewa mkononi. Nilijiona hodari kweli kweli.

Kuna mwenzetu anaitwa Brayo, mzaliwa wa papa hapa mjini, yeye hata kiti hataki. Anasimama mlangoni na tableti tayari imewashwa: "Sasa mathe, niko na maswali kidogo tu. Nani amekuwa mgonjwa hii mwezi?" Nilikuwa namcheka. Nilikuwa nikimwambia, "Brayo, wewe mama yako alikulea au ulijilea?" Anajibu, "Rehema, wewe unaenda kazi ama unaenda kuposwa?"

Basi yuko ofisini mzee mmoja, Bwana Jaspal. Ni Kalasinga, mzaliwa wa Ngara, ndevu nyeupe, kilemba cha samawati, Kiswahili chake cha haraka haraka. Yeye ndiye mtu wa takwimu. Sisi tunaleta majibu, yeye anayapiga hesabu. Hasalimii mtu. Akipita unasikia tu harufu ya iliki.

Hesabu zake nitakueleza hivi. Unakumbuka ule msimu baba, Mungu amrehemu, alipopanda mbegu mpya ya mahindi mistari ya juu na mbegu yetu ya zamani mistari ya chini? Ya juu ikazaa zaidi. Baba akasema ni mbegu. Wewe ukasema mbegu gani, pale ndipo ng'ombe walipolala mwaka mzima. Mkabishana mpaka mavuno mengine. Kazi ya Bwana Jaspal ni ubishi huo huo, ila yeye analipwa mshahara. Na swali lake la kwanza haliulizi kama ni mbegu au ni samadi. Linauliza: tofauti hii ingeweza kuja kwa bahati tu, vile mstari mmoja unavyoweza kuushinda mwingine bila sababu yoyote? Kama ingeweza kuja hivyo kwa urahisi, anasema tuachane nayo. Lakini kama bahati peke yake ingeileta kwa nadra sana, anapiga mstari mwekundu chini yake na kusema tofauti hii ina uzito, hapa kuna jambo.

Jumatatu moja akapiga mstari mwekundu chini ya jina langu.

Niliitwa chumbani kwake, na ndani nikamkuta Wairimu, msimamizi wetu wa nje, mwanamke mfupi asiyecheka ovyo. Bwana Jaspal akaigeuza kompyuta nione.

"Nyumba za wenzako zina wagonjwa," akasema. "Za Karen, za Kawangware, hata za Kangemi upande ule wa Brayo. Zako hazina. Kwako hakuna anayeugua, hakuna anayelipa, hakuna anayehitaji bima. Nimepiga hesabu kila njia. Hii si bahati."

"Labda watu wangu wana afya," nikasema. Mama, ndilo jibu lililonijia. Hata mimi nililisikia lilivyo la kijinga.

"Na kila mahojiano yako ni mafupi. Wenzako wanachukua muda. Wewe ukiwasha tableti unamaliza kabla chai haijapoa."

"Lakini nilifika! Si tableti inaonyesha mahali nilipokuwa?"

"Inaonyesha ulifika," akasema. "Haionyeshi uliuliza."

Huku wana jina lake, wanaita kupika data. Mtu anafika mtaani, anatafuta kivuli, anajaza majibu ya kichwani mwake, anarudi kuchukua mshahara. Wapo wanaofanya, na wakishikwa ofisi huambiana. Nikamwambia sikupika. Akaniuliza, basi ni nini? Hata mimi sikujua ni nini. Wairimu akanyoosha mkono nimpe tableti. Akasema nikae nyumbani mpaka waamue. Nilishuka ngazi zile mbele ya macho ya watu wote, natamani ardhi ipasuke.

Nilikaa siku tisa. Hasira zangu unazijua, ni za kwako. Siku ya kwanza nilifua kila kitu nyumbani, pamoja na mapazia. Siku ya pili nilijiandaa kwenda kumtukana Bwana Jaspal, nikafika stendi nikarudi. Siku ya tatu hasira ziliisha, ikaja aibu, na aibu ni mbaya zaidi, maana hasira angalau zinakupa nguvu za kufua. Kilichoniuma ni kwamba binti wa marehemu mwalimu Juma, aliyefukuza wanafunzi kwa kuibia mtihani, ameitwa mwongo wa kuandika majibu. Ukanipigia jioni ile. Nikakuambia sijambo.

Siku ya tano nikaenda Kenyatta Market kwa Nafula, yule tuliyesoma naye, ana kiti chake cha kusuka nywele pale. Nikamwambia nipe kazi yoyote nisikae peke yangu. Akanipa nywele nizichambue huku yeye anasuka. Moshi wa nyama choma unaingia, redio inapiga kelele, nikapata nafuu kidogo. Akaja mteja, mama wa makamo, nadhifu, akaketi.

"Uko aje, mrembo?" Nafula akamuuliza.

"Niko poa kabisa, tunashukuru Mungu."

Wakaanza. Zikapita dakika kama ishirini, stori za mvua, stori za watoto wa shule. Kichwa kimefika nusu, yule mama akasema, "Hapo nivute polepole, Nafula. Nimetoka hospitali juzi juzi, walinipasua uvimbe, bado nguvu hazijarudi."

Nikabaki na nywele mkononi. Mdomo wangu ukanitangulia kama kawaida yake: "Lakini si umesema uko poa?"

Akanitazama kwenye kioo, akacheka. "Mrembo, alikuwa ananisalimu. Ulitaka nimtolee uvimbe mlangoni?"

Nafula naye akacheka, duka zima likacheka, mimi sikucheka. Nilianza kuzipitia kichwani nyumba zangu za Kangemi, mlango mmoja baada ya mwingine. Wazima. Wazima. Wote wazima. Nimemsalimu mtu dakika kumi nzima, amenijibu wazima mara saba, halafu naiwasha tableti na kumuuliza kama kuna mgonjwa. Angejibu nini? Angegeuka sasa aseme yale ya mwanzo yote yalikuwa uongo? Kwake lile halikuwa swali la tableti. Lilikuwa mkia wa salamu. Adabu yako, mama! Adabu yako ndiyo iliyonitia matatani!

Niliaga pale pale. Kutoka sokoni mpaka Hurlingham ni mwendo wa miguu, na nadhani siku ile niliukimbia. Wairimu alikuwa kwenye ngazi, anatoka kwenda kula. Nikamwambia yote nikihema, mkono mmoja ukutani.

"Kwa nini hukusema hivi Jumatatu?"

"Jumatatu sikujua, madam."

"Mimi siwezi kuamini maneno," akasema. "Lakini naweza kutembea. Tutaenda Kangemi."

Mungu ambariki mwanamke huyo. Alirudi juu bila kula, akamwomba Bwana Jaspal ruhusa. Mzee hakukataa, ila alisema nyumba atazichagua yeye, kwa kura ya kompyuta, nisije nikamtembeza Wairimu kwa marafiki zangu. Siku ya tisa tukaenda. Wairimu akaniambia njiani, "Uliza kama ulivyouliza mara ya kwanza, usibadilishe kitu. Mimi nitakaa kimya."

Kura ya kwanza ilimwangukia Mama Lavenda. Huyu ni mama wa kwetu upande wa Vihiga, anauza mboga na omena kwenye kibanda karibu na mlango wake. Nyumba ni chumba kimoja, pazia la maua limekigawa katikati, kitanda kiko nyuma. Alifurahi kuniona! "Mulembe, mwanangu, umerudi?" Kiti kikaja. Nikasalimu, akajibu. Watoto wazima, nyumbani wazima, Mungu ni mwema. Nikaiwasha tableti, nikasoma swali kama lilivyo.

"Hapana," akasema Mama Lavenda. "Sisi tuko wazima."

Nilimwona Wairimu akiandika kitu kwenye daftari lake. Kama Mama Lavenda angebaki hapo, ningerudi nyumbani na jina la mwongo. Nikaizima tableti, nikaiweka chini sakafuni, aione kwamba iko chini.

"Mama Lavenda," nikamwambia, "salamu zimekwisha, na umenijibu vizuri, asante. Sasa ninakuuliza jambo jingine. Mwezi huu, katika nyumba hii, nani amelala kitandani kwa maumivu?"

Aliangalia mikono yake, kisha akaliangalia pazia. Na nyuma ya pazia sauti ya mwanamume ikasema, polepole, "Mwambie, mama Lavenda. Huyo si mgeni tena."

Mama, alikuwepo. Siku ile ya kwanza pia alikuwepo! Mimi nimeketi pale nakula ndizi, naandika hakuna mgonjwa, na mgonjwa yuko hatua mbili kutoka kwangu, ananyamaza ili asimwaibishe mkewe mbele ya mgeni.

Ni fundi wa mawe. Alianguka kutoka kwenye jukwaa la mbao kwenye jengo fulani huko Karen, akaumia mgongo. Kibarua hana mwajiri wa kumlipia bima, na ile ya kujilipia mwenyewe waliiacha kazi zilipokuwa chache. Mama Lavenda akafungua mdomo na yote yakatoka: picha za mgongo, dawa, sindano, teksi ya kumpeleka kwa kuwa hawezi kukaa wima, mchango wa chama chake cha akina mama, cherehani aliyoiuza, dada yake aliyetuma kutoka Kitale. Nikaiokota tableti, nikaandika mpaka kidole kikauma. Kulikuwa na swali ambalo sikuwahi kulifikia katika Kangemi nzima, linalouliza kama familia iliacha kununua chakula ili ilipie matibabu. Nikamuuliza. Akasema ndiyo, kwa sauti ndogo, akiwa ameuangalia mlango.

Nilipomaliza nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku ile. Alinikaripia kabisa, kama wewe hasa.

"Wewe ulikuja ukaketi kwangu ukanisalimu kama mtu wa nyumbani. Mgeni anapokelewa na magonjwa? Yule kijana mwenye kofia anayezunguka mtaa wa chini, hata hasalimii watu. Huyo ningemwambia yote mlangoni, aandike aende!"

Huyo ni Brayo. Wairimu, asiyecheka ovyo, alicheka mpaka akafuta macho. Nami nikacheka, na katikati ya kicheko nikajikuta nalia, Mama Lavenda akanishika mkono akidhani ni huruma ya mumewe, na ilikuwa hiyo pia.

Tulipoinuka, fundi akaita tena kutoka nyuma ya pazia. "Dada, mmeandika tulilipa? Si kwamba tulipewa bure?"

"Tumeandika, mzee."

"Vizuri. Maana tulilipa."

Siku ile tulizunguka nyumba zote za kura, na karibu kila moja ilikuwa hivyo: salamu nzuri mbele, mgonjwa nyuma. Mtoto wa kifua, mama mwenye ugonjwa wa sukari, mzee wa macho. Wairimu aliamuru nyumba zangu zote zirudiwe, na tulizirudia pamoja mpaka zikaisha. Bwana Jaspal akapiga hesabu upya. Wairimu ndiye aliyeniletea habari, kwenye ngazi zile zile. Alisema tofauti kati yangu na wenzangu imeshuka mpaka imekuwa kama ile ya mistari ya mahindi isiyo na sababu, na mstari mwekundu umefutwa.

Kisha akaniambia jambo lililonitia baridi kuliko kufukuzwa kazi. Hesabu ya kwanza, yenye majibu yangu, ilikuwa inaonyesha kwamba watu wa mtaa wangu hawaugui na hawatumii fedha kwa matibabu. Tofauti kubwa, yenye uzito wote wa kitakwimu. Ingepelekwa hivyo kwa wakubwa. Wangesema, basi upande huu wa Kangemi uko sawa, tupeleke msaada kwingine. Na ningekuwa mimi, kwa adabu zangu, niliyemfuta fundi yule na mgongo wake. Kwa hiyo, mama, namshukuru Mungu kwamba Bwana Jaspal aliniona. Nimekasirika naye na ninamshukuru, yote mawili kwa pamoja, sijui kama hilo linawezekana lakini ndivyo lilivyo.

Nimerudishiwa tableti. Zaidi ya hapo, kabla hatujatumwa Dagoretti, ni mimi niliyepewa kuwafunza wenzangu. Tumebadilisha mpango wa maswali. Salamu ni lazima, hata Brayo, na zinaachwa ziishe zenyewe. Kisha tunaanza na paa na choo, mambo yasiyo na aibu. Mtu akishazoea, tunauliza juu ya kila aliyemo nyumbani, mmoja mmoja, alilala wapi, aliamkaje, alikunywa dawa gani. Brayo tumemfanyisha mazoezi ya "mulembe" mbele ya watu. Analisema kama mtu anayeuza mahindi ya kuchoma, lakini atafika.

Usidhani nimeacha kusalimu. Ningeachaje? Mama Lavenda alifungua moyo wake mara ya pili kwa sababu mara ya kwanza niliketi. Brayo angepata "ndiyo" na jina la ugonjwa, lakini sidhani yule fundi angesema naye kupitia pazia. Hilo nimelipata kwako, na ninakushukuru kwalo, pamoja na msukosuko wake.

Nisalimie shangazi mshonaji, mwambie vitambaa alivyoagiza nitavinunua Biashara Street mwisho wa mwezi. Nisalimie mjomba wa madrasa na wanafunzi wake wote watundu. Nisalimie dada yangu na yule mtoto wake mpya, mwambie aache kumvika kofia ndani ya nyumba. Nisalimie jirani yetu mjane mwenye kuku wa kijivu, na mwalimu mkuu mpya, ingawa hanijui.

Nilikuwa nataka kufungia hapo, lakini la Ijumaa sijakuambia, na la Ijumaa ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Ijumaa tulikuwa na mkutano wa ofisi nzima. Wa Karen, wa Kawangware, wahasibu, mpaka mama anayetupikia chai. Mwishoni Bwana Jaspal akasimama, yeye ambaye hasemi mkutanoni ila akiulizwa. Akakiweka sawa kilemba chake.

"Nina neno kwa Rehema," akasema. "Hesabu zangu zilikuwa sahihi. Zilisema nyumba zake ni tofauti, na kwamba si bahati. Zikaishia hapo. Hesabu hazikusema 'mwongo'. Neno hilo nililitia mimi, mbele ya msimamizi wake, bila kutoka nje ya chumba changu kwenda kuangalia. Binti, nisamehe."

Kila mtu ananitazama. Na mimi haraka haraka, kama inavyopasa kumjibu mzee, nikasema, "Yamepita, mzee. Hakuna neno. Hata sikuumia."

Watu wakaanza kusogeza viti. Bwana Jaspal hakuketi. Alibaki amesimama vile vile, mikono nyuma.

"Hiyo ni salamu, binti," akasema. "Mimi ninakuuliza."

Mama, sikujua niangalie wapi. Niliangalia meza. Halafu nikamwangalia yeye, nikamwambia mbele ya wote, "Niliumia, mzee. Niliumia sana. Nilikuwa naona aibu hata kununua mboga, nadhani muuzaji ananijua kuwa mwongo. Mama yangu alinipigia simu mara tatu na sikuweza kumwambia."

Aliinamisha kichwa, mzee mzima, kwa mtu wa umri wa binti yake.

"Asante," akasema. "Sasa nimejibiwa." Ndipo akaketi. Nikalia pale pale mbele ya ofisi nzima, na sikuona haya hata kidogo.

Mwanao anayekushukuru kwa yote uliyomfunza, hata yaliyomponza,

Rehema